Alipomficha Mama

Asubuhi ile mama alikuwa akinigombeza kwa sababu ya maharage. Nilikuwa nimeyatia chumvi mara mbili, na baba, mchokozi wa nyumba yetu kule Ituri, akasema hiyo ni dalili kwamba mimi, Neema, nimepata mchumba. Nikabeba ndoo kwenda kisimani huku nimenuna.

Nilikuwa nachota maji niliposikia filimbi.

Walikuja wengi, nyuso zimepakwa unga, wengine na matawi, wengine na mapanga na bunduki.

Nilitupa ndoo nikakimbia na majirani.

Baba na mama walikimbilia upande wa mto. Nilipompata baba huku Uganda, alikuwa peke yake na haongei. Kila nilipomuuliza mama yuko wapi, aliinamisha kichwa.

Tulifika Jinja, tukapanga chumba Wanyange. Hapo ndipo tulipomjua mama Nambozo, Mgisu wa Mbale aliyeolewa Jinja. Yeye na wanawake wenzake wa kanisani walijitolea kuwasaidia wakimbizi. Wenzake walikuja na maswali, yeye akaja na karanga. Kila Jumamosi alikaa na baba wakizimenya, bila kumuuliza lolote. Nilimpenda sana kwa hilo.

Jumamosi moja baba akafungua mdomo.

"Tulivuka muto," akasema. "Mama yako alichoka."

Akarudia kumenya karanga. Nilijizuia nisimsukume. Niliamini yaliyobaki yatakuja.

Mama Nambozo alifurahi hadi akalia. "Mzee anapona! Sasa akuje kwetu Mbale. Mtoto ya kaka yangu anatahiriwa."

Kwa Wagisu tohara ya kijana ni ya hadharani, na ndugu lazima waje. Alikuwa anatufanya ndugu. Ningekataaje?

Tulikuwa tumekaa uani kwa kaka yake kundi lilipokata kona.

Ngoma, filimbi, matawi. Kijana alitangulia, uso wote umepakwa unga wa kimea.

Baba akasimama. Akamshika mama Nambozo mkono, akamvuta mbio hadi kwenye migomba. Nilipowafikia alikuwa amemlaza chini, anamfunika kwa majani makavu.

"Nyamaza, mama Neema," alisema. "Nitarudi kukubeba."

Kisha akakimbia.

Vijana walimkamata barabarani, anahema. Mama Nambozo alikuwa bado amelala palepale. Nilimwambia ainuke.

"Hapana," alinong'ona. "Mzee akirudi asinikute, je?"

Wakamrudisha baba. Akainua majani mwenyewe, akamtazama usoni kwa muda mrefu.

"Si yeye," akasema.

Hakusema neno tena hadi alipofariki. Mama Nambozo bado ananiomba radhi, nami bado namwambia hana kosa, lakini najuta safari ile kuliko ninavyoweza kumweleza. Jumamosi chache tu zaidi za karanga, pengine baba angeniambia alimficha mama msitu gani.

Tulimzika Budondo. Siku ya mazishi watu waliniuliza kama mama yangu yu hai. Niliwajibu kwamba baba alimwacha hai.