Presha ya Mke Mwenzangu

Mume wetu alituoa wawili. Mke mkubwa alibaki Kebirigo kwenye shamba la majani chai. Mimi nikaletwa Kisii mjini kuuza vitambaa dukani. Kwa miaka mingi nilimhurumia, na huruma hiyo niliipenda. Yeye alipanda mlima kila siku na kikapu mgongoni, mimi nilikaa kitini nikiwangoja wateja.

Mwaka jana, mume wetu akiwa ameshafariki, nilimtembelea Jumapili moja, na wauguzi walikuwa wamekuja kanisani kupima presha. Tukakaa benchi moja. Muuguzi akampima yeye kwanza, akatabasamu. Aliponifunga mimi ule mkanda mkononi, alipima mara mbili.

"Mama, yako iko juu. Umri unakakamaza mishipa ya damu, na kukaa kutwa kunazidisha. Muige huyu mdogo wako. Unaona vile kutembea kumemsaidia?"

Mdogo wangu. Ananizidi miaka tisa.

Nilingoja amsahihishe muuguzi. Yeye alitazama tu viatu vyake. Sijawahi kumwonea wivu namna ile, hata zile wiki mume wetu alipokaa kwake bila kunipigia simu.

Nikaanza kumeza dawa, na kila asubuhi kabla ya kufungua duka nikawa natembea kuelekea Mosocho. Majirani walinisifu kwa kujali afya. Sikuwaambia kwamba kuna mwanamke ninayemkimbiza.

Agosti nilirudi Kebirigo, nikaomba kumsindikiza kupeleka majani kwenye kituo cha kununulia chai. Niliamini nitamweza. Mlima ulipokaza, pumzi zikaniishia. Yeye akasimama, akajifanya anakaza kamba za kikapu.

"Endelea tu," nikamwambia. "Sihitaji kungojwa."

"Sikungoji. Kamba inaniumiza."

"Muongo wewe."

Akacheka, akaketi kando ya njia. "Mwenzangu, miaka yote hiyo mimi nilikuonea wivu wa kile kiti cha dukani."

Nilimwomba nibebe kikapu mimi, akakataa, tukavutana kidogo, kisha akakibeba mwenyewe na mimi nikamfuata nyuma, taratibu.

Presha yangu imeshuka, ingawa dawa bado nameza. Yake ni nzuri kuliko yangu mpaka leo. Nikimpigia simu namuuliza imesoma ngapi, na akinitajia, roho bado inaniuma.