Ngamia Aliyegonga Lori

Darasa letu la nne pale shule ya Waberi lilinuka vumbi la chaki na jasho la watoto waliobanana, na ilipofika saa sita mchana mabati ya paa yalikuwa yakialika kwa joto juu ya vichwa vyetu. Hapo ndipo Madam Mwende, mwalimu wetu kutoka Kitui, alipoanza kipindi cha Kiingereza. Aliandika maneno kwenye vipande vya katoni, akavichanganya, nasi tuvipange: mtenda kwanza, kitendo katikati, mtendwa mwisho. Kisomali chetu hakiendi hivyo. Kwetu kitendo husubiri mwisho, na kile kinachokuuma waweza kukitanguliza. Nilikuwa msichana wa miaka kumi, na karibu kila siku nilivipanga vile vipande kombo, nikasimamishwa mbele nivipange upya huku wenzangu wakingoja kwenda nyumbani. Kisha tukaingia wakati uliopita. Madam alitwambia tuongeze "ed", tukaongeza wiki nzima. Halafu akasema kuna maneno yasiyoongezwa chochote. Nilimwuliza tutayajuaje. Akajibu kwamba tutayazoea. Niliinamia daftari nikilia kwa hasira.

Kiangazi hicho hicho, lori lililokuwa likipeleka mizigo kambi ya wakimbizi ya Ifo lilimgonga ngamia wa baba yangu kando ya barabara. Kati ya wanyama wetu, huyo ndiye pekee aliyekuwa na maziwa. Baba alikuwa hatua chache tu kutoka pale, na aliona kila kitu. Chifu alimweleza kwamba wenye lori wanataka maelezo ya maandishi, tena kwa Kiingereza, na nyumbani kwetu aliyesoma nilikuwa mimi. Baba aliketi mkekani akanisimulia polepole, nami nikaandika sentensi tatu. Ya katikati ilisema: "The camel the lorry hitted." Ngamia nilimtanguliza kwa sababu yeye ndiye aliyekufa.

Asubuhi nilimpelekea Madam anisahihishie. Alikuwa na rundo la madaftari mezani, akadhani ni zoezi. Kalamu nyekundu ilikata "hitted" ikaandika "hit", kisha ikalivuta lori hadi mwisho wa sentensi. "The camel hit the lorry." Niliisoma mara mbili nikahisi kuna kitu kimepinduka. Lakini chini yake, kwa mara ya kwanza tangu muhula uanze, Madam alikuwa ameniandikia kwamba nimefanya vizuri, na sikutaka kuuliza swali jingine la kunirudisha mbele ya darasa. Nikainakili kwa mwandiko safi. Baba akaweka alama ya kidole gumba.

Wiki mbili baadaye mjumbe wa wenye lori alifika ofisini kwa chifu, nami nikaandamana na baba. Yule bwana aliisoma barua, akaieleza kwa Kiswahili: ngamia ndiye aliyeligonga lori, na mwenyewe amekiri kwa kidole chake. Chifu, ambaye ni mtu wetu, alijaribu kumwambia kwamba hilo ni kosa la mtoto. Bwana akasema wakubwa wake wanafuata karatasi, na nakala imeshafika Nairobi. Baba, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, alisimama.

"Gari ndio iligonga," alisema. "Mimi nilikuwa habo."

"Mzee, barua ni yako," akajibiwa.

Nilifungua mdomo nieleze, lakini maneno yalinijia katika lugha tatu kwa pamoja na hakuna hata moja lililotoka. Faili likafungwa. Ngamia hakulipwa, na kiangazi kile chote wadogo zangu walikunywa chai bila maziwa. Kwetu baba humwita mtoto kwa neno lile lile analoitwa yeye, na tulipokuwa njiani kurudi aliniambia, "Aabo, kesho usikose shule." Afadhali angenichapa.

Leo nimeajiriwa katika ofisi moja hapa Garissa, na kazi yangu ni kuandika maelezo ya watu. Kiingereza chenyewe hakinisumbui tena. Wanangu hata hugombania rimoti kwa lugha hiyo. Lakini wazee bado wanakuja na habari zao kwa Kisomali, na fomu iliyo mbele yangu bado inataka Kiingereza. Humsomea kila mmoja, sentensi baada ya sentensi, kwa lugha yake, kabla hajaweka kidole. Walio kwenye foleni hunung'unika kwamba nawachelewesha, na mkubwa wangu ameshanionya kuhusu hilo.

Mwaka jana ndipo nilipomweleza baba kwamba siku ile nilijua barua imeharibika, nikanyamaza. Alinisikiliza hadi mwisho, wala hakushangaa.

"Wewe hukuwepo pale barabarani, aabo," alisema. "Mimi nilikuwepo, na hakuna aliyeniuliza."