Vikombe vya Mama Hawah

Kama hujawahi kufika Koboko, mpakani mwa Uganda, na mtoto mgongoni, huna hata karatasi moja, basi hujui thamani ya kikombe. Mama Hawah aliijua. Miaka sita aliuza chai ya tangawizi kwenye lango la ofisi inayopokea wageni kutoka Sudan Kusini, na yeye ndiye aliyewapanga watu. Alisema Kinubi chake, wao wakajibu kwa Kiarabu chao cha Juba, na kwa kuwa lugha hizo ni ndugu, wakaelewana bila mkalimani. Anayetafuta kazi alimtilia chai katika kikombe chekundu, mwenye shida ya kitambulisho katika cha bluu, anayetafuta kiwanja katika cha kijani.

"Ingia nacho, mwanangu. Usikiache njiani."

Makarani nao walishazoea. Wakiona chekundu tu, wanavuta fomu za kazi.

Ndipo akaletwa mkubwa mpya kutoka Arua, Bwana Candia. Viatu vyake, haki ya Mungu, hata vumbi la Koboko liliviogopa! Siku ya kwanza akakuta vikombe juu ya meza.

"Hii iko ofisi ama hoteli?" akafoka, akaamuru lango lisafishwe.

Mama Hawah akabeba jiko, birika na vikombe vyake, akaenda zake. Alilia njiani, tusifichane. Chai utauza popote. Lakini yeye ni mjane, wanawe wote wako Kampala, na pale langoni ndipo alipoitwa mama mara mia kwa siku.

Kesho yake Candia akabandika tangazo la Kiingereza kwenye kila mlango, akasimama langoni mwenyewe kuelekeza watu. Lo, salaale! Wa kazi wakapanga foleni ya viwanja, wa viwanja wakajazana kwenye vitambulisho, na kila aliyemwona Candia na tai yake akampisha mbali. Mpaka adhuhuri hakuna aliyehudumiwa.

Mara akaja Natalina, mwoka mikate wa Yei, ambaye juzi alikuwa ameondoka na kikombe chekundu kwa kusahau. Akakiinua juu, akapenya katikati ya watu. Karani Alionzi akakiona, akatoa fomu, akampigia simu mwenye tanuri mmoja aliyekuwa anatafuta mtu. Robo saa haikupita, Natalina akatoka akipiga vigelegele. Jumatatu anaanza kazi!

"Hicho ni nini?" Candia akamuuliza.

"Hii? Hii iko barua ya mama."

Candia akamvuta Alionzi pembeni, akauliza huyo mama anakaa wapi.

Jioni ile Mama Hawah alikuwa mkekani anasuka kawa aliposikia hodi. Candia akavua vile viatu vyake, akaketi chini.

"Mama, nisamehe. Kazi imenishinda. Nataka kupaka milango rangi za vikombe vyako, nikujengee na kibanda pale langoni. Naomba urudi unisaidie."

Mama Hawah hakutaka kijana aione furaha yake upesi hivyo. Akapuliza moto, akachemsha chai, akavitazama vikombe vyake kimoja kimoja. Akachukua chekundu, akakijaza mpaka ukingoni, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Kesho ingia nacho ofisini, mwanangu," akasema. "Usikiache njiani."