Mshenga Aliyeganda Mdomo Mansfield

Jamani, kuna aibu za kumeza kimya kimya, na kuna aibu ambazo watu watazisimulia hata usipotaka, kwa hiyo bora hii niisimulie mwenyewe kabla hujaisikia kwa Shangazi Tabu, maana yeye anapenda kutia chumvi (ingawa kwa hili, tuseme ukweli, hana cha kuongeza). Mimi ndiye yule mshenga wa Mansfield mnayemsikia. Nilitumwa kuposa, nikashindwa hata kusalimia.

Ili unielewe, lazima ujue kwamba wakati ule, Januari ya 2018, mimi nilikuwa mtu. Watanzania wa Dallas, Fort Worth na vimji vyote vya katikati walikuwa hawafanyi send-off, harusi wala kipaimara bila kumwita MC Bashasha, na MC Bashasha ni mimi. Wiki nzima nilikuwa nakaa ofisini Irving napokea simu za wateja na kutukanwa kwa Kiingereza, lakini ikifika Jumamosi navaa koti linalometameta nawaamuru watu wazima, wengine madaktari kabisa, wasimame, wakae, wapige makofi matatu ya haraka, na wanatii. Ukitiiwa hivyo kila wiki kichwa kinavimba, na changu kilivimba.

Sasa nilikuwa naishi nyumba moja na kijana anaitwa Elia, mpole, mtu wa maneno machache, anapakia mizigo uwanja wa ndege zamu ya usiku. Elia alimpenda Upendo, binti wa Kitanzania aliyekuwa anasoma chuo na kuishi Mansfield kwa baba yake mdogo, Baba Joyce. Huyu Baba Joyce ndiye aliyekuwa mlango, maana wazazi wa Upendo wako Mbeya na walishasema atakalokubali yeye na wao wamekubali. Na Baba Joyce alikuwa hachezewi. Miaka ya nyuma washenga walikuja kumposa dada yake Upendo wakinuka bia, akawatoa nje kabla ya soda kufunguliwa, na ile posa ikafa palepale. Kwa hiyo Elia aliponiomba niwe mshenga wake aliniambia kitu kimoja tu, akiwa ameshika mikono yangu miwili: "Kaka, nakuomba, siku hiyo usiguse hata ya kuonja. Akikataa mara moja, harudi nyuma."

Nikamcheka. Nikamwambia bia haina shida, sitaigusa, na mdomo wangu anaujua. Nilikuwa nimeandaa maneno matamu ya kuingilia, yale ya tumepita njiani tukaona bustani, ndani ya bustani tukaona ua, moyo ukatutuma tubishe hodi tumwone mwenye bustani, na kadhalika, dakika kumi na tano bila kurudia neno. Nilikuwa nayafanyia mazoezi bafuni mpaka Elia anagonga mlango anataka kuoga.

Tatizo likaja kwenye usafiri. Mpango ulikuwa twende wote kwa gari la Shangazi Tabu, shangazi yake Elia anayekaa Carrollton, mama mmoja mwenye gari kubwa lenye joto hadi kwenye viti. Lakini mimi kiangazi kilichotangulia nilikuwa nimenunua pikipiki. Msifikirie bodaboda, ilikuwa pikipiki kubwa nyeusi yenye sauti ya kuamsha mtaa, na watu wa Irving walishaiona mpaka wameichoka, ila Mansfield hawajaiona. Mmeelewa? Nilitaka Baba Joyce na familia nzima wachungulie dirishani wamwone mshenga anavyoingia. Hilo ndilo wazo dogo lililoniponza, na nikikumbuka natamani nijizabe kibao.

Asubuhi jua lilikuwa linawaka, watu wamevaa kaptula, Texas ilivyo. Shangazi Tabu akanipigia simu kwamba mchana upepo wa kaskazini unakuja, hali ya hewa itageuka, niache ujinga nipande gari. Nikamjibu kwa heshima zote kwamba Shangazi, mimi mzaliwa wa Makete, kule tunaamka asubuhi majani yana barafu na tunakwenda shule kandambili, baridi ya Texas ni ya kuchezea. Tena nikaiandika kwenye grupu la WhatsApp la wanajumuiya ili wote wajue (sijui nilikuwa nataka nini, lakini niliiandika, na ile meseji mpaka leo mtu mmoja ameihifadhi).

Nikavaa suti yangu ya Kaunda, ya kijivu, mikono mifupi, kitambaa chepesi cha Dar es Salaam. Glovu sikuwa nazo. Helmeti niliyokuwa nayo ni ile ya wazi, haina kioo cha mbele, niliichagua dukani kwa sababu nilitaka sura ionekane. Nikaondoka Irving nikiwa napiga mluzi.

Nilipoingia barabara ya 360 kuelekea kusini, anga ya nyuma yangu ikawa kama ukuta wa bluu. Nilidhani ni mvua. Dakika chache tu upepo ukanifikia, na jamani, baridi ile si ya Makete. Ya Makete inakukuta umesimama, inakusalimia, unatafuta moto. Hii ilinikuta niko kwenye mwendo wa magari ya Texas, ikaingia kwenye mikono mifupi ikatokea mgongoni, na juu yake vikaanza kudondoka vitone vya mvua ambavyo vikigonga shavu vinauma kweli. Machozi yakawa yananitoka yenyewe yanakwenda masikioni. Kupunguza mwendo siwezi, malori yako nyuma. Kuongeza mwendo ndiyo kujiua kabisa. Kwa hiyo nikawa naendesha hivyo hivyo nikiimba pambio, mpaka pale Arlington nikagundua kwamba naimba lakini midomo haichezi.

Nikaingia kituo cha mafuta. Muuzaji, mzee mmoja wa Kimarekani, aliniangalia, akanionyesha rafu ya magazeti ya bure ya matangazo na mifuko ya plastiki. Nikajaza magazeti ndani ya suti, kifuani na mgongoni, nikavaa mifuko mikononi kama mtu anayekwenda kushika samaki. Ningeweza kumpigia Elia waje kunichukua. Simu ilikuwa mfukoni. Lakini nilifikiria lile gari likisimama, na Shangazi Tabu akishusha kioo, nikaona bora nife.

Nilifika Mansfield nimechelewa sana. Wenzangu walikuwa wamepaki mbele ya nyumba ya Baba Joyce, wamekaa ndani ya gari, maana kwa utaratibu wetu ujumbe hauingii bila mshenga kutangulia, na wenyeji walikuwa wamesimama dirishani wanawashangaa wageni waliokuja kukaa garini. Kwa hiyo kweli familia nzima ilikuwa inachungulia. Nilichokitaka nimekipata: waliniona nikishuka kwenye pikipiki, mguu ukakataa kupita juu ya kiti, nikabaki nimening'inia mpaka Elia akaja kunivuta.

Elia alivua haraka ile mifuko mikononi mwangu, akaniuliza kama naweza. Nikaitikia kwa kichwa kwamba naweza. Nikatangulia kwa miguu ambayo sikuwa naisikia, yaani naenda upande naona mlango uko upande mwingine, nikabonyeza kengele. Akafungua Joyce mwenyewe, katoto kadogo, akaniangalia usoni akageuka ndani akasema, "Daddy, there's a man crying."

Baba Joyce akaja, mrefu, suti nyeusi, tai. Nikataka kumwamkia. Mdomo ulikuwa mzito kama nimetoka kung'olewa jino, ikatoka sauti ya mtu anayezama. Nikaona bora nimpe mkono, nikampa, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika vizuri, maana vidole vyangu vilikuwa vimekaukia kwenye umbo la kushika usukani wa pikipiki. Vilishika. Kuachia vikakataa. Nikabaki nimemng'ang'ania yule mzee, machozi yananitiririka, macho mekundu, nayumba, na yeye anavuta mkono wake taratibu kwa adabu, na mimi naye twende. Tukaingia sebuleni hivyo hivyo. Alipofanikiwa kujinasua nikaangukia kiti cha karibu, kumbe ni kiti chake mwenyewe.

Upande ule walikuwa wamekaa wazee watatu wa ukoo na Mama Joyce, upande huu Shangazi Tabu na Elia, na Elia nilimwona anapoteza rangi. Nikajua nikiyasema tu yale maneno yangu, mengine yote yatasameheka. Nikasimama, nikaanza bustani. Ninavyoambiwa, kilichosikika ni mlio mmoja mrefu wenye mate.

Baba Joyce akasema polepole, "Kijana, umekunywa nini?"

Nikatikisa kichwa. Nikatafuta njia ya kumthibitishia, na akili nayo nadhani ilikuwa imeganda, kwa sababu nilichoona kinafaa ni kumsogelea yule mzee, baba mkwe mtarajiwa wa rafiki yangu, na kumpumulia usoni ili anuse mwenyewe. Nikampumulia. Akarudi nyuma, mimi nikainama kuomba radhi, na nilivyoinama vifungo vya chini vikaachia na magazeti yakaanza kushuka, moja baada ya jingine, matangazo ya malori na magodoro na wanasheria wa ajali, yakatapakaa kwenye zulia lake.

"Nadhani tuishie hapa," Baba Joyce akasema. "Wageni wangu, poleni na safari."

Nilisikia uchungu ambao sijawahi kuusikia. Elia alikuwa ameniomba kitu kimoja, na sikuwa nimeonja hata tone, na bado nimemharibia. Upendo alikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, nikaona kitambaa cha gauni lake kimesimama hakitikisiki.

Halafu Elia akasimama. Kwetu bwana harusi mtarajiwa siku ya posa hasemi, anakaa kama mzigo, wengine hata hawaendi, na wazee wote wakamgeukia kwa mshangao.

"Baba, hajanywa. Ame-ride pikipiki kutoka Irving na suti ya mikono mifupi kwa sababu alitaka mumwone. Yuko hivyo, ni mtu mzuri lakini yuko hivyo. Mimi maneno ya bustani siyajui. Nafanya kazi airport, usiku. Pombe sinywi. Nampenda Upendo, na nimekuja kumwomba. Mkisema nirudi siku nyingine nitarudi, mkisema nisirudi nitaumia sana."

Akakaa. Basi, ndiyo yote. Wazee wakaangaliana. Baba Joyce akajipangusa uso kwa leso (pale nilipompumulia), akakaa kwenye kiti cha kulia chakula maana chake kilikuwa na mimi tena, akasema, "Sasa huyu nimemsikia." Akamwita Upendo aje aulizwe kama anawafahamu wageni hawa. Upendo akaja, akasema anawafahamu, ila akaongeza kwamba huyo wa kwenye kiti hana uhakika naye, na wazee wakacheka, na nilipoona Baba Joyce naye anacheka nikajua Elia kapona.

Mimi Mama Joyce alinichukua kama mtoto. Akaleta beseni la maji ya uvuguvugu akanitumbukiza miguu, akanifunika blanketi la Joyce la rangi ya waridi, na Joyce akasimama pembeni kulilinda. Wenzangu wakapanga siku ya kurudi, wakampigia simu baba yake Upendo kule Mbeya, wakaomba, wakapakua pilau. Yote yamefanyika mshenga yuko kwenye beseni.

Na mnajua kilichoniuma? Pilau ilipofika katikati nikasikia mashavu yanawasha, midomo ikaanza kulegea, maneno yakarudi yote. Nikasafisha koo. Nikasema, vizuri kabisa, herufi zote, "Wapendwa wazazi wetu, tulikuwa tunapita njiani tukaona bustani."

Baba Joyce akaniangalia kwa huruma. "Mwanangu, hayo tumeshamaliza. Kula."

Pikipiki ililala gereji kwake. Nilirudi Irving kiti cha nyuma, kwenye joto, na Shangazi Tabu hakunisema kabisa njia nzima, nikawa namshukuru moyoni, mpaka tulipokaribia nyumbani akamwambia Elia, kama vile mimi sipo, kwamba maisha yake yote hajawahi kuhudhuria posa fupi na nzuri namna ile. Nikajifanya nimelala.

Elia na Upendo walioana, wana watoto. Pikipiki niliiuza hata kabla ya harusi, na nimeapa kwamba nikionekana tena juu ya chombo cha magurudumu mawili kati ya Novemba na Machi, mnikamate mnipeleke hospitali. Siku hizi nikialikwa kwenye posa napanda gari la mtu, nakaa nyuma, nikifika naamkia, nanyamaza, nasubiri mpaka watakaponiomba niseme neno. Bado hawajaniomba.