Kijicho cha Mwanapili

Mwanapili alikuwa na miaka sita baba yake alipoanguka mkarafuuni akafa. Mama yake, Saada, akaolewa kijiji cha Msuka na mwanamume aliyekataa kulea mtoto wa mwenzake. Mtoto akaachwa Wawi kwa shangazi yake, Bi Tatu.

Njaa hakulala. Lakini maji alichota yeye, karafuu alichambua yeye, na wali ukiungua, mwiko ulimwishia mgongoni. Alhamisi jioni Bi Tatu alikaa barazani akimsuka binti yake, Ummkulthum, huku akimwimbia polepole. Mwanapili, aliyekuwa akinyolewa kipara ili asisumbue mtu, aliukodolea macho ule mkono ukipita kwenye nywele za mwenzake. Nguo za Ummkulthum angeweza kuzisahau. Mkono ule hakuweza.

Alianza na vitu vidogo: kumwaga mafuta ya nywele, kuficha kiatu kimoja. Walipofika miaka kumi na sita, Ummkulthum alifaulu kwenda skuli ya dahalia, ya kulala hukohuko. Bi Tatu alimkumbatia mwanawe mbele ya majirani, akalia kwa furaha.

Kesho yake mchana, nyumba ikiwa tupu, Mwanapili alimwaga mafuta ya taa juu ya begi la safari la Ummkulthum, akawasha kiberiti. Alitaka begi tu. Moto ukapanda kwenye makuti ya paa. Ummkulthum, aliporudi na kuona moshi, alikimbilia ndani kuokoa vyeti vyake, akatoka mkono umeungua mpaka kiwikoni.

Mahakamani Chake Chake, afisa wa ustawi wa jamii alimuuliza Mwanapili, "Kakukosea nini mwenzio?"

"Hajanikosea. Yeye ana mama."

Saada alikuwepo, kaja na kichanga. Mwanapili alikitazama kikinyonya, asisikie hata hakimu akiamua kwamba hafungwi, arudi kwa mama yake chini ya uangalizi. Mumewe alipoguna, Saada alimwambia, "Kama humtaki huyu, niache na mimi."

Sasa Mwanapili ana miaka ishirini, analima mihogo na mama yake. Idi iliyopita Ummkulthum alikwenda Msuka kumtazama.

"Hakunituma mtu. Nimekuja mwenyewe," alisema.

Saada alimshika mgeni ule mkono wenye makovu, akaupapasa muda mrefu huku machozi yakimtoka. Kijicho kikampanda Mwanapili vilevile kama zamani. Akainuka, akaenda jikoni, akasimama mpaka pumzi zikamtulia. Kisha akarudi na chai, akajipenyeza katikati yao, akakaa.