Ndege Iliyoliwa na Rangi

"Ndege yangu ikishapaa, mwizi wa ng'ombe hata akijificha tumboni mwa mama yake tutamwona." Hivyo ndivyo Daktari Kangyang Dalyop alivyoutangazia mji mzima wa Jos redioni, na Jos nzima ikacheka, maana mwanamke yule wa kabila la Waberom hajawahi kusema kitu kwa sauti ya chini tangu azaliwe.

Alikuwa na haki ya kujigamba. Jeshi na chuo kikuu alichofundisha vilikuwa vimetia saini mapatano: chuo kitoe akili, jeshi litoe fedha. Akili zenyewe zilikuwa za Nanret, mwanafunzi wake wa mwaka wa mwisho, binti mkimya aliyechonga mabawa ya ndege ile isiyo na rubani kwa povu jeupe, lile linalofungiwa televisheni mpya, kisha akayavika karatasi nyembamba. Ndege hiyo ndiyo ilikuwa mtihani wake wa shahada.

Msiba ulianzia kwenye kambi ya jeshi, ndege ilikopelekwa. Aliyewahi kuona kambi ikingoja mkubwa anajua: mawe yanapakwa chokaa, miti inavishwa soksi nyeupe, na mbuzi akizubaa naye anapakwa. Jenerali alikuwa anakuja kuzindua ndege. Meja Okpanachi akaitazama ilivyo nyeupe pe, akaona aibu. Akaamuru vijana wake waipake kijani, rangi ya mafuta iliyochanganywa na petroli ili ikauke upesi.

Petroli ikapenya karatasi, ikalila povu kimyakimya. Nje bawa linang'aa, ndani pango.

Kangyang alipofika aliikuta mezani, kijani, mbele ya wageni. Akauliza nani karuhusu. Akaambiwa asiharibu sherehe. Ndege ikapaa mpaka juu ya hema la wageni, bawa likakunjika, ikaingia pua kwanza kwenye sufuria ya wali.

Kesho yake kikaitwa kikao. Mlangoni, mkuu wa chuo akamvuta Kangyang mkono.

"Dada yangu, tuseme binti alikosea hesabu. Atarudia mwaka, basi. Jeshi halitaki aibu."

"Prof, arudie mwaka kwa sababu Meja anapenda kijani?"

"Punguza sauti."

"Sina nyingine, Prof. Mungu alinipa hii hii."

Ndani, mbele ya Jenerali, Meja alikuwa ameshaanza kuchekesha watu. "Madam, tulidhani wasomi mnajenga kwa chuma. Kumbe mnajenga kwa takataka za dukani."

Ukumbi ukacheka. Nanret akatazama viatu vyake. Kangyang akaagiza kopo la rangi ileile liletwe. Akachukua kipande cha povu, akakiweka kwenye kisahani cha chai cha Jenerali, akamimina. Povu likanywea, likaporomoka, likabaki kamasi la kijani.

"Nani alipaka, Meja?"

"Ni utaratibu wa jeshi, madam."

"Basi utaratibu wenu ndio urudie mwaka."

Safari hii hakuna aliyecheka. Jenerali alikisukuma kisahani kando, akasema jeshi haliwezi kufanya kazi na watu wasio na adabu, na mapatano yameishia hapo. Juu ya rangi hakutamka neno. Mkuu wa chuo akamfuata akiomba radhi mpaka kwenye mlango wa gari, mgongo umepinda, utadhani ni yeye aliyeshika brashi.

Nanret alipewa alama zake, tena kwa shingo upande, baada ya Kangyang kuapa kwamba wakimnyima atakibeba kisahani kile mpaka redioni. Kangyang mwenyewe alipokonywa maabara, akatupwa kuwafundisha wa mwaka wa kwanza kupiga mistari kwa rula. Meja akapandishwa cheo. Na wezi wa ng'ombe wanaendelea na kazi yao mchana kweupe, wala hawana haja ya kujificha tumboni mwa mtu.

Mwaka uliofuata jeshi liliagiza ndege ya namna hiyo kutoka ng'ambo. Bei yake ilikuwa dola laki nane.