Kosa la Salomon

Mama Adolphine hakuwa mtu wa kununa, lakini Jumapili ile ya mwaka 2015, ndani ya kanisa la Wakongomani pale Newburg, Louisville, alitamani kutema mate. Mjukuu wake Chimène alikuwa amejiandikisha katika jeshi la Marekani. Aliyeinuka kumbariki, na chupa ya maji ya maombi mkononi, alikuwa Mzee Cikuru. Yule yule.

Mwaka 1964, huko Kongo, waasi walitangaza jamhuri yao, wakisema uhuru ulikuwa bado umebaki mikononi mwa Wabelgiji. Jamhuri yenyewe haikufikisha hata miezi mitatu. Lakini kule Uvira, Cikuru, aliyekuwa mganga wa waasi hao, alipata muda wa kutosha kumnyunyizia Salomon, kaka yake Adolphine, dawa ya kuzuia risasi, na kumpa miiko yake: asigeuke nyuma, asiguswe na mwanamke. Salomon alirudishwa maiti, amefungwa kwenye blanketi. Cikuru alisimama mlangoni, hata pole hakutoa, akamwambia mama yao, "Kijana wako alivunja mwiko."

Mama yao alijua ni upi. Asubuhi ile alikuwa amemshika mwanawe mkono kumuaga.

Na leo mtu huyo huyo, suti imenyooshwa pasi, ndiye mzee wa kanisa, anataka kumnyunyizia maji mtoto wa kike. Watu wengine hawana haya hata chembe. Adolphine aliinuka kwenye kiti, akaenda kusimama kati yake na Chimène aliyepiga magoti.

"Mzee, ulimwambiaka mama yangu Salomon alivunja mwiko. Alivunjaka mwiko gani?"

Cikuru alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayetaka mambo yaishe. "Bon, mama, ile ni ya zamani. Wazazi wote wa vijana tulikuwa tunawaambia vile. Kama hatungesema vile, nani angekubali kwenda tena?"

"Wote?"

"Wote. Ule Salomon, hata simukumbuke. Donc, mama, unipishe nimuombee mutoto."

Adolphine alimwinamia mjukuu wake, akamwambia, "Simama, twende."

Mama yake Adolphine aliishi miaka ishirini na mitano baada ya kifo cha Salomon, na hakumshika tena mkono mtoto yeyote aliyekuwa anaondoka.